Chemutai Hakugeuka

Lile sanduku la bati lililo chini ya meza ya dirishani, mnalolitumia kuwekea vikombe vya chai, lina vifaa vyangu vya kupimia. Nililiacha makusudi. Mashine mpya ya kupima masikio ni nzuri, na siku umeme ukiwepo na betri isiwe imeazimwa na mtu, itumieni. Lakini mtatumwa mahali ambako mashine haifiki, na huko mtahitaji kikombe na kijiko. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mnaobaki, kabla sijasahau ni nani alinifundisha nini, na kabla sijaanza kujisamehe mambo ambayo bado sistahili kujisamehe.

Habari za vyeo nitaziruka. Zimo kwenye faili, na mchwa wa ofisi yetu wameshazisoma kwa makini kuliko mtakavyozisoma nyinyi.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza Khunyangu nilipoitwa kwenda kusomea kazi hii ya kuwapima watoto: nani haoni vizuri, nani hasikii, nani anahitaji kufundishwa kwa njia nyingine na katika shule gani. Niliporudi nilipangiwa kituo cha Malaba. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na barabara. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda yalipanga foleni mbele ya dirisha letu, injini zikinguruma, matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakiitana, wachuuzi wakitangaza mayai ya kuchemsha na soda baridi. Hapo ndipo tulipotakiwa kujua kama mtoto anasikia kijiko kikigusa kikombe. Aliyekichagua chumba hicho sikuwahi kukutana naye, na pengine ni heri.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta Mwalimu Ekirapa, mzee mwembamba wa Amukura aliyevaa tai hata siku za joto kali. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo, na mfanyakazi wake wa pekee. Mama mmoja alikuwa ameleta mtoto wa kupimwa. Mzee akaniambia nimsubiri, akatoka nje, akaanza kutembea kutoka lori hadi lori akigonga milango.

"Boss, zima kidogo," nilimsikia akisema. "Tunapima mtoto hapa. Dakika tano tu, boss."

Na madereva wakazima. Watu waliokuwa wamekaa kwenye foleni siku tatu, wenye hasira na kila mtu aliyevaa tai, walizima injini mmoja baada ya mwingine. Malaba ikawa kimya kwa dakika tano. Sijawahi kusahau kimya kile, na hata mimi nilipokuwa mkuu wa kituo niliendelea kugonga milango ya malori. Walikataa mara chache sana.

Vifaa vya Mwalimu Ekirapa vilikuwa kikombe cha udongo na kijiko, mkebe wenye punje za mtama ndani, karatasi laini ya kufungia mkate, na sauti yake mwenyewe. Kazi ilifanywa na watu wawili. Mmoja alikaa mbele ya mtoto na kitu cha kuchezea, kifuniko cha chupa kwenye uzi kwa mfano, ili kuyashika macho yake. Mwingine alisimama nyuma, urefu wa mkono kutoka sikioni, asionekane na kivuli chake kisionekane, akatoa sauti. Mtoto akigeuka, anasikia. Mara ya kwanza niliposimama nyuma, mtoto aligeuka kabla sijatikisa mkebe. Nilifurahi. Mzee hakufurahi.

"Umejipaka mafuta gani?" akaniuliza.

Nikamtajia.

"Amegeuka kwa sababu unanukia. Umepima pua, Nekesa."

Tangu siku hiyo sikujipaka mafuta yenye harufu siku ya kazi, na bangili zangu zilibaki nyumbani. Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa jingine, na alilirudia hadi nikachoka kulisikia: anayepima ni wa mbele. Wa nyuma anapiga kelele tu. Wa mbele ndiye anayeona jicho likicheza, kidole kikiacha kuchezea uzi, pumzi ikikatika kidogo. Kugeuka, alisema, ni jibu moja tu kati ya mengi, na ndilo jibu la mtoto asiye na aibu.

Alipostaafu nilibaki peke yangu. Nilikuwa na pikipiki ya ofisi, sanduku la bati, na eneo lililoanzia Malaba, likapita Amukura, hadi karibu na mji wa Busia. Nilifanya kazi nzuri, nasema bila haya. Nilimpata msichana ambaye mwalimu wake alikuwa ameandika kwamba hana akili. Zahanati wakatoa sikioni mwake harage lililoanza kuota. Nilipata watoto waliokaa nyuma darasani miaka mitatu kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba ubao hawauoni. Nilianza kusifiwa. Mtu akisifiwa sana katika kazi yetu, mwangalieni kwa karibu, kwa sababu yuko karibu kukosea.

Nyuma ya Amukura kuna vilima vya mawe. Kwenye kimoja, upande ambao bodaboda hukataa kupanda, waliishi watu wachache walioshuka zamani kutoka misitu ya Mlima Elgon. Walikuwa na lugha yao, nyuki wao na mbuzi wao, na waliponda mawe kuwa kokoto za kuuza kwa wajenzi. Sisi wa chini tuliwaita "watu wa mlimani" tu, Wateso na Waluhya kwa pamoja, na sidhani kuna jambo jingine tulilowahi kukubaliana kwa urahisi hivyo. Watoto wao wa kiume waliteremka shuleni. Wasichana walibaki juu, na nyundo.

Kisha baba mmoja, Mzee Ndiema, akamteremsha binti yake Chemutai, aliyekuwa na miaka minane. Alikuwa msichana wa kwanza wa kilima kile kuandikishwa shuleni. Majirani zake hawakumkataza wala hawakumfuata. Walisema watangoja waone.

Chemutai alikaa darasani wiki sita bila kutoa neno. Mwalimu mkuu akaniita. Nilifika shuleni hapo siku yenye watoto tisa wa kupima na wingu zito upande wa Uganda. Sikuwa na mwenzangu. Nilimwomba naibu wa mwalimu mkuu akae mbele na kifuniko cha chupa, akakaa, simu yake ikiwa gotini. Mimi nikasimama nyuma ya mtoto. Alikuwa kwenye benchi refu, miguu ikibembea. Niligusa kikombe kwa kijiko, kulia. Hakugeuka. Nikagusa kushoto. Hakugeuka. Nikatikisa mtama, nikakunja karatasi, nikaita jina lake kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Mbele yangu palikuwa na shingo nyembamba iliyonyooka, haitikisiki hata kidogo.

"Umeona chochote?" nikamuuliza naibu.

"Hakuna kitu, Madam. Amekaa tu."

Sikumbuki kama niliiona miguu yake ikiacha kubembea. Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliiona, nikafikiri amechoka.

Mzee Ndiema alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Nilipomweleza alinitazama kana kwamba ninamtania.

"Madam, huyu nyumbani anasikia tu. Akiwa huko chini kwa maji, ukimwita anakuja."

"Mzee, wazazi wengi husema hivyo," nikamjibu. "Watoto hawa ni wajanja. Anaangalia mdomo wako, anaangalia mikono."

"Sasa huko chini kwa maji ataona mdomo yangu aje?"

Nikamwambia mtoto asiyesikia huhisi mitetemo ya sauti kupitia ardhini. Nilisema hivyo, mimi, mwenye cheti. Sijui nililitoa wapi. Yule mzee alikuwa ameniuliza swali zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa na wakaguzi, nami nikamfunga mdomo kwa upuuzi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na watoto wengine wanne walikuwa wanangoja.

Nikaandika kwenye fomu: hasikii, masikio yote mawili, apelekwe shule maalum ya bweni. Mzee Ndiema akauliza bweni ni nini. Alipoelewa, akatikisa kichwa. Hangemwacha msichana wa miaka minane alale kwa watu asiowajua. Mwalimu mkuu naye akasema kwa fomu ile hawezi kumweka darasani, hana mwalimu wa lugha ya ishara. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema walichosema. Baba akaikunja karatasi yangu mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akaivaa kofia, akamshika mtoto mkono, wakaanza kupanda. Mimi nikamwita mtoto wa sita.

Miaka minne ilipita. Nilikuwa nimepata habari za mtoto mwenye tatizo la macho kwenye kilima kilekile, na kwa kuwa sasa walikuwa hawateremshi tena watoto kwa watu wa ofisi, nilipanda mwenyewe kwa miguu. Katikati ya njia niliwakuta mbele yangu wanawake na wasichana wakitoka kisimani, madumu ya maji kichwani. Nikawasalimu kwa nyuma, kwa sauti ya mwalimu.

"Hamjambo, kina mama!"

Walisimama wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Walisimama kimya, wima, kwa muda ambao mtu angeweza kuvuta pumzi tatu. Kisha mama mzee aliyekuwa mbele akageuka polepole, mwili mzima, akaniona, akasema neno kwa lugha yao, na wengine wakageuka wakicheka.

"Wewe Madam," mama mzee akaniambia, "usiite watu hivyo kwa nyuma. Sisi ukisikia kitu nyuma unasimama. Hugeuki. Huko msituni ndovu akiwa nyuma yako, ukizungusha kichwa umekwisha. Unasimama, unasikiliza, ukijua ni nini ndio unageuka."

"Lakini hapa Amukura hakuna ndovu, mama."

"Hakuna. Sasa mtoto utamfundisha lini? Siku ndovu amekuja?"

Wakacheka tena. Mmoja wa waliocheka alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, mwenye mabega ya mtu aliyeponda mawe, na alicheka kabla ya wengine kwa sababu alikuwa amesikia kabla ya wengine. Yule mama mzee alikuwa nyanya yake. Nilimuuliza msichana jina lake ingawa nililijua. Chemutai, akanijibu. Nikakaa juu ya jiwe pale pale njiani, wakadhani nimechoshwa na kilima.

Nilikuwa nimempima mtoto aliyefundishwa tangu kutembea kwamba akisikia sauti nyuma yake anyamaze mwili wote. Kadiri nilivyozidi kupiga kelele ndivyo alivyozidi kutulia. Alinijibu kila mara, kulia na kushoto, kwa usahihi kuliko watoto wote tisa wa siku ile. Mtu wa mbele angeona. Nilikuwa nimemweka mbele mtu mwenye simu.

Nilijaribu kurekebisha. Mtajionea wenyewe kwamba fomu zetu zina nafasi ya kuandika kasoro ya mtoto lakini hazina nafasi ya kuandika kasoro ya mpimaji. Niliandika barua, nikaipeleka mwenyewe ofisini, nikaambiwa itawekwa kwenye faili. Nilienda kwa Mzee Ndiema nikamwambia nilikosea, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Kwa hivyo sasa anasikia," akasema. "Nani amemponya?"

Chemutai alirudi shuleni siku tatu. Walimkalisha na watoto wa darasa la kwanza, magoti yake yakigonga meza. Watoto wale walikuwa wadogo sana wakati wa kosa langu, lakini jina walilikuta likiwasubiri. Walimwita Kiziwi. Siku ya nne hakuteremka. Nilimfuata mara mbili, na mara ya pili akaendelea kuponda mawe nilipokuwa nikizungumza, jiwe baada ya jiwe, hadi nikanyamaza. Na wale majirani waliosema watangoja waone, walikuwa wameona. Walichokiona ni kwamba mtoto mzima aliteremka shuleni akarudi kiziwi. Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna msichana mwingine aliyeshuka.

Ndiyo sababu nilikuwa mkali kwenu. Ndiyo sababu niliwarudisha mlipoenda kupima kila mtu peke yake bila mwenzake, hata kama mafuta ya pikipiki yalikuwa ya safari moja. Ndiyo sababu niliwalazimisha, kabla ya kufungua sanduku, kumuuliza aliyemleta mtoto: huyu akisikia kitu nyumbani hufanya nini? Mmoja wenu alisema swali hilo halimo kwenye mwongozo. Ni kweli, halimo. Mwongozo haujawahi kupanda kilima kile.

Mwaka jana, ikiwa imebaki mihula miwili nistaafu, mlango ulibishwa na mkaniambia ni muuza chai. Ilikuwa kweli. Mwanamke aliyekuwa akiwauzia madereva chai kwenye foleni, ambaye wengine wenu mmenunua chai yake na hata mimi nimeinywa mara moja au mbili kwenye kikombe cha kuletewa, aliingia bila birika, akiwa ameshika mkono mtoto wa miaka saba.

"Madam, umenisahau?"

"Sijakusahau, Chemutai."

Hakutabasamu. Akamsogeza mtoto mbele. "Huyu ni Cheptoo, mdogo wangu. Tumempeleka shule, mwalimu amekataa kumwandika mpaka alete karatasi yako. Amesema faili inasema kwetu kuna uziwi."

Barua yangu ya kukiri kosa hakuna aliyeiona. Neno langu moja la siku ile ya mvua lilikuwa limedumu, na sasa lilikuwa likimngoja mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa nilipoliandika. Nilianza kumwomba radhi. Chemutai hakunipa nafasi.

"Anasikia," akasema. "Nimempima mwenyewe. Kila asubuhi nasimama nyuma yake na kikombe, vile ulifanya. Nimemfundisha kugeuka, Madam. Asije akasimama tu kama mimi."

Nilimwita mmoja wenu akae mbele, na anajijua. Nilisimama nyuma ya mtoto. Kabla sijagusa kikombe aligeuka. Nikamrudisha uso mbele, akageuka tena. Aligeukia honi ya lori, aligeukia kiti kilicholia, aligeuka wakati ambapo hapakuwa na sauti yoyote, na kila mara alimtazama dada yake kuona kama amefanya vizuri. Kwa kanuni za kazi yetu kipimo kile ni batili.

Nikakiweka kijiko chini. Nikamwomba Chemutai asimame mahali pangu, amwambie mdogo wake kwa lugha yao kwamba hapa hakuna haja ya kugeuka, afanye kama nyumbani. Akamwambia. Tukangoja. Kisha Chemutai, nyuma kabisa karibu na ukuta, akanong'ona neno moja. Mtoto akatulia. Mabega yakashuka, kidole kikaacha uzi, na mwenzenu aliyekaa mbele akainua mkono polepole kunionyesha kwamba ameona. Ndipo Cheptoo akajibu, bila kugeuka, kwa sauti ndogo.

Niliketi nikaijaza fomu. Niliandika kwamba Cheptoo anasikia vizuri, masikio yote mawili. Niliandika kwamba dada yake Chemutai naye anasikia, alikuwa akisikia tangu mwanzo, na kwamba niliyekosea ni mimi. Sikutafuta nafasi yake kwenye fomu. Niliandika pembeni, nikaendelea nyuma ya karatasi. Nikatia sahihi. Nilitaka awe wa kwanza kuiona kabla ya mwalimu yeyote, na kusema kweli nilikuwa najisikia nafuu, nafuu ambayo sikuwa nimeijua kwa miaka kumi na moja. Nikampa karatasi.

"Soma kwanza," nikamwambia. "Uone kama nimeandika sawa, ndio nipige muhuri."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaiangalia upande wa mbele, akaigeuza akaangalia upande wa nyuma, kwa muda mrefu, macho yakiwa yametulia mahali pamoja. Kisha akanirudishia.

"Nisomee, Madam," akasema.

Nikamsomea.